Fundi, Mwenye Nyumba na Amana

Msomaji, ukitazama ukuta uliokwisha kupakwa plasta na rangi, huoni ukuta, huona rangi. Matofali yamejificha nyuma ya plasta, na plasta imejificha nyuma ya rangi. Msingi umejificha chini ya ardhi, mabomba yamejificha ndani ya sakafu, na nyaya za umeme zimejificha juu ya dari. Sehemu kubwa ya nyumba, tena ile inayoizuia nyumba isianguke, haionekani kwa macho ya mtu anayeilipia. Aliyeiona ni fundi peke yake. Naye akiisha kukusanya vyombo vyake na kwenda zake, siri hubaki baina yake na ukuta.

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake limo swali ambalo wenye hekima wamelifikiri tangu zamani. Kwa nini mtu atende haki mahali ambapo hapana anayemwona? Na nyuma ya swali hilo lipo la pili, linalomhusu yule anayetoa fedha. Mtu akimkabidhi mwenzake mali yake, amwamini au amlinde? Akimlinda, je, hajamtukana? Asipomlinda, je, hajamtia majaribuni? Nataka tuyapime maswali haya pamoja, wala tusiyapime angani, bali juu ya ardhi, katika mahali panapojulikana.

Nyamache ni mji mdogo wa Bobasi, katika Kaunti ya Kisii. Vilima vyake vimevaa chai na migomba, na mvua ya nyanda zile ni nyingi. Mashamba ni madogo, kwa kuwa watu ni wengi na kila kizazi kimegawa urithi wa kizazi kilichotangulia. Mkulima hupeleka majani yake kituoni, majani hupelekwa kiwandani, naye hulipwa kiasi kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Maadamu shamba haliwezi kuongezwa, mwenye akiba hutazama upande mwingine. Hujenga vyumba vya kupangisha karibu na soko, au hununua vyumba vikuukuu akavitengeneza, ili mwalimu, muuguzi, karani au mwendesha bodaboda apate pa kulala, na yeye mwenyewe apate kodi. Hivyo ndivyo majani ya chai yanavyogeuka kuwa mabati, na mabati yanavyogeuka kuwa karo ya shule.

Hebu tufikirie mama mmoja mjane wa mahali hapo. Mumewe alimwachia vyumba 6 vilivyochakaa. Mabati yametobolewa na kutu, plasta imebanduka, sakafu ina mashimo, na wapangaji wamehama isipokuwa wawili. Mama huyu ana bonasi yake na mkopo wa chama cha akiba. Akivitengeneza vyumba vile vyema, kodi italipa mkopo na kuwasomesha watoto wake. Akivitengeneza vibaya, mkopo utabaki na kodi haitakuwapo. Basi anamwita mkandarasi. Mkandarasi hawezi kufanya kila kazi kwa mikono yake, na kwa hiyo huigawa: mwashi hupewa kuta na sakafu, seremala hupewa paa na milango, fundi wa mabomba hupewa maji, na fundi wa umeme hupewa nyaya. Kila fundi huleta vibarua wake. Kutoka kwa mama mpaka kwa kijana anayechanganya mchanga na simiti ni ngazi tatu au nne, na katika kila ngazi yupo mtu anayesema, "Mimi nilimwambia."

Huu ndio mwanzo wa hatari. Kazi ikigawanywa, ujuzi huongezeka, kwa maana seremala hujua mbao kuliko mwashi. Lakini daraka likigawanywa ovyo, hupungua mpaka likaisha. Paa likivuja, seremala hulaumu mabati, muuza mabati hulaumu misumari, na mkandarasi hulaumu mvua. Faida hupanda ngazi na lawama huteremka ngazi, mpaka lawama ikamfikia kibarua ambaye hana wa kumtupia. Hii ndiyo sababu mtu anayeajiri wengi kupitia kwa mmoja hana budi kulikata shauri hili kabla jembe halijagusa ardhi: kwamba mkandarasi atajibu kwa ajili ya kazi yote, pamoja na ile ambayo hakuigusa kwa mkono wake.

Tuone sasa yanayoweza kufichwa. Plasta njema huchanganywa kwa sehemu 1 ya simiti kwa sehemu 4 za mchanga au karibu na hapo. Mtu akichanganya 1 kwa 8, karibu nusu ya simiti aliyopewa hubaki mikononi mwake, na ukuta siku ile hautasema neno. Mabati huuzwa kwa geji, na kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Mwenye nyumba asiyejua hesabu hiyo ya kinyume anaweza kulipia geji 28 akapigiliwa geji 32, tena akafurahi kwa kuwa 32 ni kubwa kuliko 28. Waya wa soketi hutakiwa kuwa mnene kuliko waya wa taa. Aliyetia waya mwembamba mahali pa mnene ameweka moto juu ya dari, na moto ule unangoja siku yake. Zege na plasta huhitaji kumwagiwa maji kwa siku zipatazo 7 ili zishikane vizuri. Aliyekuwa mvivu wa kuchota maji ameacha udhaifu usiopimwa kwa jicho.

Mchonga mawe wa Tabaka, upande mwingine wa Kisii, hawezi kufanya hivyo. Kinyago chake huzungushwa mkononi na kutazamwa pande zote kabla hakijalipiwa. Kazi ya mwashi haina bahati hiyo. Mwashi huuza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukizungusha mkononi.

Wayunani wa zamani walikuwa na hadithi inayofaa hapa, nayo imesimuliwa na mwanafalsafa Plato. Mchungaji mmoja wa nchi ya Lidia aliokota pete ya ajabu. Alipoigeuza kidoleni, watu hawakumwona tena. Haukupita muda mrefu, mchungaji yule akamuua mfalme na kuutwaa ufalme. Plato alitaka kujua: je, kila mtu akipewa pete ile, hatafanya vivyo hivyo? Je, haki yetu si hofu tu ya kuonekana? Msomaji, huhitaji kwenda Lidia kuitafuta pete hiyo. Plasta ni pete. Udongo unaofunika msingi ni pete. Kila fundi huivaa siku anayofunika kazi yake.

Jibu la kwanza lililotolewa na wanadamu ni hofu. Mfalme Hammurabi wa Babeli, katika karne ya 18 kabla ya Kristo, aliweka sheria kwamba nyumba ikianguka kwa ubovu wa ujenzi na kumuua mwenyewe, mjenzi auawe; na ukuta ukiegama, mjenzi auimarishe kwa gharama yake mwenyewe. Sheria ile ya kwanza ni kali mno, lakini ya pili ingali inafaa mpaka leo. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2011, iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huandikisha wakandarasi kwa madaraja, na mafundi na wasimamizi kadhalika. Hili ni jema, na mtu mwenye busara huuliza cheti kabla ya kuuliza bei.

Walakini hofu ina mipaka. Aprili 29, 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka Huruma katika mji wa Nairobi, na watu wapatao 50 wakafa. Sheria ilikuwapo. Mamlaka ilikuwapo. Adhabu nayo ilikuwapo katika vitabu. Lakini adhabu huja baada ya ukuta kuanguka, na kazi ya ukuta ni kutoanguka. Tena mkaguzi mmoja hawezi kusimama nyuma ya kila mwiko. Nchi inayotegemea hofu peke yake itahitaji walinzi wengi kama mafundi, kisha itahitaji walinzi wa kuwalinda walinzi.

Jibu la pili ni tabia. Aristotle, aliyekuwa mwanafunzi wa Plato, alifundisha kwamba wema hatuzaliwi nao ukiwa umekamilika. Huupata kwa kuutenda, kama vile mtu anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Kwa kujenga vizuri hupatikana wajenzi wazuri, na kwa kujenga vibaya hupatikana wabaya. Fundi aliyepunguza simiti mara ya kwanza hufanya hivyo kwa moyo unaodunda. Mara ya kumi moyo haudundi tena. Kadhalika aliyeurudia mstari uliopinda mara ya kwanza huona uchungu wa kupoteza saa yake. Mara ya kumi hawezi kulala ikiwa mstari umepinda. Huyu wa pili ndiye mtu ambaye pete haimfai kitu. Haogopi kuonekana na wengine, kwa sababu yeye mwenyewe anajiona.

Basi kazi ya kwanza ya mwenye nyumba ni kumtafuta mtu wa namna hiyo, na hapa watu wengi hukosea njia. Wako wanaochagua kwa bei ya chini peke yake. Wako wanaochagua kwa maneno, na mtu mwenye maneno mengi si lazima awe na vitendo vingi. Wako wanaochagua kwa damu, wakampa ndugu au shemeji kazi asiyoiweza, kwa kuwa wanaona haya kumnyima. Mtu aliye Nairobi, au aliye mbali zaidi katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Abagusii wengi wamehamia, hutuma fedha kwa simu au benki na kumwachia jamaa kila kitu. Wako jamaa wengi waaminifu, nao wamejenga nyumba za ndugu zao kana kwamba ni zao wenyewe. Lakini undugu si cheti cha uashi, na tena una shida yake: kosa la fundi wa mbali hutengenezwa kwa madai, bali kosa la ndugu hunyamaziwa, na kunyamaza huko hukua mpaka kukavunja udugu ambao mtu alitaka kuulinda.

Njia iliyo bora ni ya pole pole. Mtafute fundi kwa kazi zake, wala usimtafute kwa sifa zake. Nenda ukaione nyumba aliyoijenga miaka miwili au mitatu iliyopita, iliyokwisha kunyeshewa na masika kadhaa, maana nyumba mpya husifiwa na kila mtu. Zungumza na mpangaji anayelala ndani, wala si na mwenye nyumba tu, kwa sababu mpangaji ndiye anayejua mahali paa linapovuja. Muulize muuza vifaa kama fundi yule hulipa madeni yake. Waulize vibarua wake kama hulipwa. Kisha mpe kazi ndogo kabla ya kubwa: mlango mmoja, chumba kimoja, mfereji mmoja. Wahenga walisema kwamba imara ya jembe kaingoje shamba. Na ukimwuliza juu ya kazi fulani akajibu, "Hiyo siiwezi, mtafute mwingine," usimdharau. Mtu anayejua mpaka wa ujuzi wake na kuutaja hadharani, ijapokuwa kuutaja kwampotezea fedha, amekwisha kukuonyesha tabia yake bila wewe kuitafuta.

Sasa tuje kwenye swali la pili. Ukiisha kumpata mtu mwema, je, kumsimamia si kumtukana? Wengi hufikiri hivyo, na kwa fikira hiyo hutupa mali yao. Hebu tazama mkulima wa chai anapofika kituoni. Majani yake hukaguliwa, majani magumu hutolewa, kisha huwekwa juu ya mizani mbele ya macho ya watu. Mkulima mwaminifu hakasiriki kwa sababu ya mizani. Kinyume chake, anaitaka, kwa maana bila mizani jasho lake lingekuwa sawa na hila ya mwenzake. Mizani haimpimi mkulima, inapima chai. Na ikiwa ni mizani ya haki, inamlinda mkulima kwa karani kama inavyomlinda karani kwa mkulima.

Usimamizi mwema wa mafundi ni mizani ya namna hiyo. Mapatano na yaandikwe: kazi gani, kwa vifaa gani, kwa siku ngapi, kwa fedha ngapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki pia hupotea hivyo, kwa sababu watu wawili waaminifu wanaweza kukumbuka mapatano mamoja kwa namna mbili. Malipo na yafuate kazi, hatua kwa hatua. Asilipwe fundi fedha zote kabla ya kuanza, wala asingojeshwe zote mpaka mwisho. Mabomba na yajazwe maji na kujaribiwa kabla sakafu haijayafunika. Nyaya na zitazamwe kabla dari haijapigiliwa. Mabati na yahesabiwe na geji yake isomwe yanaposhushwa. Wajenzi wa kazi kubwa wana desturi ya kuzuia sehemu ndogo ya malipo, aghalabu 5 au 10 katika kila 100, kwa muda wa miezi kama 6 hivi, ili kasoro zinazojitokeza zitengenezwe na aliyezifanya. Desturi hiyo yafaa hata kwa vyumba 6 vya Nyamache, ikiwa imepatanwa tangu mwanzo na fedha zile zikalipwa siku yake ilipofika.

Angalia tofauti iliyopo hapa. Kuipima kazi ni haki. Kumshuku mtu bila sababu ni dhuluma. Anayeipima kazi huja kwa saa iliyojulikana, huuliza jambo linalojibika, na akiona jema hulisifu. Anayemshuku mtu hunyemelea, huhesabu misumari iliyoanguka chini, na humfokea fundi mbele ya vibarua wake. Wa kwanza humpa fundi sababu ya kufanya vizuri. Wa pili humfundisha kwamba ataitwa mwizi akiiba na ataitwa mwizi asipoiba; na mtu aliyekwisha kuitwa mwizi kila siku hana tena jina jema la kulilinda.

Mpaka sasa nimesema kana kwamba amana ni ya upande mmoja, yaani mali ya mwenye nyumba iliyo mikononi mwa fundi. Lakini fundi naye ameweka amana yake. Siku anapoinua mwiko asubuhi amekwisha kukopesha jasho lake, na jasho lililotumika halirudi. Ukuta ukijengwa vibaya unaweza kubomolewa. Siku ya mtu ikidhulumiwa haiwezi kurudishwa. Wako wenye nyumba ambao, kazi ikiisha, huanza kutafuta makosa ili wapunguze malipo, au husema, "Njoo wiki ijayo," mpaka wiki zikawa miezi. Sheria ya Kenya ya kazi ya mwaka 2007 inaagiza kibarua wa kutwa alipwe mwisho wa siku, na dini zilizoenea katika nchi zetu zimeliagiza jambo hilo hilo kwa karne nyingi. Dawa ya deni ni kulipa. Anayelalamika kwamba mafundi hawaaminiki, na huku ana deni la fundi mwaka mzima, analalamika juu ya mazao ya shamba alilolipanda mwenyewe.

Tena iko dhuluma nyingine iliyovaa nguo ya ujanja. Mwenye nyumba hushindana na fundi juu ya bei, akaishusha, akaishusha tena, mpaka ikawa chini ya gharama ya vifaa na chakula cha vibarua. Akirudi nyumbani hujisifu kwamba amenunua rahisi. Hajanunua rahisi. Kazi haiwezi kufanywa kwa bei ile bila kuibiwa mahali fulani, na yeye ameacha tu kuuliza itaibiwa wapi. Itaibiwa katika simiti, au katika mabati, au katika mshahara wa kijana anayebeba maji. Anayelazimisha bei isiyowezekana ni mshirika katika udanganyifu utakaoifanya iwezekane.

Hapa pana jambo gumu zaidi, nami sitaki kulipita. Tuseme mama mjane amemlipa mkandarasi kwa ukamilifu, na mkandarasi akatoroka bila kuwalipa vibarua. Asubuhi yake vijana 5 wamesimama mlangoni pa mama na njaa zao. Je, ana deni kwao? Yeye amekwisha kulipa mara moja, na kumlazimisha alipe mara mbili ni kumwadhibu kwa kosa la mwingine. Lakini vijana wale nao wamefanya kazi, na kazi yao imesimama pale mbele yao, nayo ni mali ya mama. Kila upande una haki, na haki za pande zote mbili hazienei katika mfuko mmoja. Mimi naona hivi: swali hili likiisha kufika mlangoni limechelewa, na hapana jibu lisilomuumiza mtu. Wakati wa kulijibu ulikuwa Jumamosi za nyuma, alipokuwa akimlipa mkandarasi, kabla ya kumpa fedha nyingine kuuliza kwa upole, "Vijana wamelipwa ya wiki iliyopita?" na kuwauliza wao wenyewe. Usimamizi, basi, si ulinzi wa mali ya tajiri peke yake. Ni ulinzi wa yule aliye katika ngazi ya chini kabisa, ambaye sauti yake haifiki juu isipoulizwa.

Zamani Abagusii walikuwa na risaga, yaani jirani wa kilima kimoja kusaidiana kazi. Leo watu wangelima shamba la huyu, na siku nyingine la yule, na mwenye shamba akawapa chakula na kinywaji. Hapakuwa na mapatano ya kuandikwa, wala hapakuwa na haja. Kila mmoja alijua kwamba zamu yake itafika, na aliyekuwa mvivu katika shamba la mwenziwe angepata uvivu ule ule katika shamba lake. Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliandika katika karne ya 18 juu ya wakulima wawili majirani, mmoja mavuno yake yako tayari leo na mwingine yatakuwa tayari kesho. Wangefaidika kwa kusaidiana, lakini kwa kuwa hawaaminiani, kila mmoja humwacha mwenziwe avune peke yake, na mavuno ya wote wawili huharibika. Risaga ilikuwa dawa ya ugonjwa huo. Haikuwageuza watu kuwa malaika; iliwaweka karibu, ikawahakikishia kwamba wataonana tena.

Leo mambo yamebadilika. Fundi anaweza kutoka mji mwingine, na mwenye nyumba anaweza kuwa ng'ambo ya bahari. Wanakutana kwa kazi moja, na huenda wasionane tena. Kwa hiyo daftari, cheti na malipo ya hatua kwa hatua hufanya sehemu ya kazi iliyofanywa zamani na ujirani. Lakini hazifanyi yote. Mtu aliyepata fundi mwaminifu na amrudie. Asimtupe kwa ajili ya shilingi chache za mwingine. Amsifu kwa jirani. Amwite mapema kabla ufa haujawa pengo. Kurudiana ndiko kunakofanya watu wawili wageni wawe tena watu wa kilima kimoja, na katika kurudiana uaminifu hukua, kwa kuwa una kesho ya kuingojea.

Sasa naweza kulirudia swali la pete. Kwa nini fundi atende haki mahali pasipoonekana? Tumetaja hofu, tumetaja tabia, tumetaja faida ya kurudiana. Iko sababu nyingine, nami naiona kuwa ndiyo kubwa. Katika mapatano ya mama na mkandarasi wamo watu wawili, lakini nyumbani wataishi wengine ambao hawakuitwa kwenye mapatano. Mpangaji atapika chini ya nyaya zile. Mtoto ambaye bado hajazaliwa atalala kando ya ukuta ule. Mtu huyu hakuchagua fundi, hakujadili bei, hakusoma geji, wala hana namna ya kujua. Yeye ndiye aliyeweka amana kubwa kuliko wote, maana ameweka roho yake, tena bila kujua kwamba ameiweka.

Likifahamika jambo hili, mambo mawili hufuata. La kwanza, uaminifu wa fundi si utii. Mwenye nyumba mwenyewe akisema, "Punguza simiti, nyumba ni yangu," fundi mwaminifu hana budi kukataa, ijapokuwa kwa kukataa atapoteza kazi. Kwa sababu nyumba ni ya mwenye nyumba, lakini roho ya mpangaji si yake. La pili, mwenye nyumba hana ruhusa ya kutosimamia. Anaweza kusamehe hasara ya mali yake akipenda, lakini hawezi kusamehe hatari ya mwingine. Mtu anayesema, "Mimi ni mtu wa imani, sikagui," anakuwa mkarimu kwa kitu ambacho si chake.

Msomaji kijana, siku moja utakuwa upande mmoja au mwingine wa mapatano haya. Yamkini utashika mwiko, au kalamu, au sindano ya mganga, au fedha za ndugu aliye mbali. Kila kazi ina plasta yake, yaani mahali ambapo mwenye haki hawezi kuona. Ukiwa mtoa fedha, tafuta kwa subira, andika mapatano, pima kazi kwa heshima, na lipa siku ile ile uliyoahidi. Ukiwa mtenda kazi, kabla ya kufunika ulichokifanya, ngoja kidogo, ukifikirie kwa macho ya mtu atakayelala ndani yake. Ukiona kuwa ungeweza kumwita aje atazame, funika.